Ukuta ulioanguka ni wa nani?



Kila mara ardhi inapotikisika hapa kwetu Kivu, ulizo moja hurudi katika vinywa vya waaminifu: Mungu ametukasirikia kwa ajili gani? Wengine huongeza la pili: kwa nini manabii hawakutuambia siku? Maulizo haya si ya kudharauliwa, kwa maana mtu aliyefiwa hapaswi kuchekwa. Lakini liko ulizo la tatu ambalo tunalikimbia, nalo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja: ukuta ulioanguka ulikuwa wa nani, na ni nani aliyeujenga vile?

Ninasema hivi: kutikisika kwa ardhi hakumo katika uwezo wetu. Kuanguka kwa nyumba, mara nyingi, ni kwetu. Na lililo letu tutaulizwa juu yake.

1. ARDHI TUNAYOIKAA

Sisi watu wa Bukavu, Goma, Kalehe, Uvira na Kalemie tunakaa katika bonde kubwa la ufa. Maziwa yetu, Albert, Edward, Kivu na Tanganyika, yamejipanga kama shanga katika uzi mmoja, na uzi huo ni ufa wenyewe. Upande wa mashariki wa Afrika unajitenga na upande mwingine polepole, milimita chache tu kwa mwaka. Lakini mwamba haunyooki kama mpira. Hushikilia miaka mingi, halafu siku moja hukatika na kuteleza kwa ghafula, na mshindo wake ndio tunaouita tetemeko.

Tuhesabu ya karibuni tu. Tarehe 24 Oktoba 2002, Kalehe, kipimo cha 6,2. Tarehe 5 Desemba 2005, ziwa Tanganyika karibu na Kalemie, 6,8, na nyumba zikaanguka mjini. Tarehe 3 Februari 2008, Bukavu, 5,9. Mwezi wa Agosti 2015, karibu na Bukavu tena, 5,8. Mwezi wa Mei 2021, baada ya mlima Nyiragongo kutapika moto tarehe 22, Goma ilitikisika mara nyingi sana kwa siku chache, hata barabara na nyumba zikapasuka.

Ile ya mwaka 2008 yatupasa kuikumbuka zaidi. Ilikuwa siku ya Jumapili, yapata saa tatu na nusu ya asubuhi. Saa hiyo kila mmoja wetu anaijua: nyimbo zimekwisha kuanza, watoto wamekaa mbele, mama wamejaa upande wao, na wachelewaji wanasimama mlangoni. Ng'ambo ya mto Ruzizi, katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke nchini Rwanda, kuta za makanisa ziliwaangukia watu waliokuwa wakiabudu. Walikufa watu zaidi ya 30 huko Rwanda, na wachache huku kwetu, na majeruhi walikuwa mamia. Siku 11 baadaye ardhi ikatikisika tena kwa nguvu, na kuta zilizokuwa zimepasuka zikapata pigo la pili.

Basi mtu asiseme kwamba tetemeko ni ajabu isiyotazamiwa. Watu wa elimu wa Lwiro wamepima mitikisiko ya nchi hii tangu miaka ya 1950, na wa ofisi ya volkano ya Goma wanafanya vilevile. Neno lao ni moja: lilikuja, na litakuja tena. Siku hawaijui.

2. JE, WALIOKUFA WALIKUWA WAKOSEFU KULIKO SISI?

Wako wanaosema: lile kanisa lilianguka kwa sababu waabudu wake hawakuwa na Mungu wa kweli. Maneno kama hayo ni matamu kwa mtu ambaye ukuta wake ungali umesimama. Lakini Bwana wetu alikwisha kuyakataa. Soma Luka 13:1-5. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane, na watu walifikiri kwamba wale kumi na wanane walikuwa na deni la dhambi kupita wenyeji wengine wa Yerusalemu. Yesu akasema hapana. Kisha akaligeuza ulizo kutoka kwa wafu, akalielekeza kwa wazima: ninyi je, mtatubu?

Wakati wa Eliya pia, mlimani Horebu, tetemeko lilipita mbele yake, na Maandiko yanasema wazi kwamba Bwana hakuwamo ndani yake (1 Wafalme 19:11-12). Neno lilikuja baadaye, kwa sauti ndogo, nalo lilimpa Eliya kazi ya kufanya.

Tutazame pia mambo ya nyakati zetu. Mwezi wa Januari 2010 tetemeko la kipimo cha 7,0 liliipiga Haiti, nchi ya ndugu zetu wa asili ya Afrika. Serikali yao ilihesabu wafu zaidi ya 200.000. Kanisa kuu la Port-au-Prince likaanguka, na askofu mkuu wa mji mwenyewe akafa siku ile. Wiki sita tu baadaye, tarehe 27 Februari 2010, tetemeko la kipimo cha 8,8 likaipiga nchi ya Chile. Nguvu yake ilikuwa karibu mara 500 kupita lile la Haiti. Wafu walikuwa zaidi kidogo ya 500, na kati yao wako wengi waliochukuliwa na mawimbi ya bahari.

Nani atasema kwamba watu wa Chile wanasali kuliko watu wa Haiti? Tofauti ilikuwa mahali pengine. Chile ilipigwa vibaya sana mwaka 1960, kwa tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa duniani, la 9,5, ikajifunza. Iliweka amri za ujenzi, ikazifuata, na sheria yao inamshika mwenye kujenga na kuuza nyumba, ajibu kwa miaka kama nyumba hiyo ina kasoro. Haiti ilikuwa na umaskini, mji uliojaa kupita kiasi, na beto ya mchanga mwingi na chuma kidogo. Hayo yote ni kazi ya wanadamu.

Ulizo hili ni la zamani. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko lilivunja mji wa Lisbon katika Ureno wakati watu walikuwa wamejaa makanisani. Wahubiri wengine walisema ni hukumu ya Mungu. Mwenye hekima mmoja, Rousseau, aliandika mwaka uliofuata kwamba maumbile hayakuwalazimisha watu kusongamana katika nyumba ndefu za ghorofa nyingi. Si lazima tumfuate Rousseau katika mambo yote. Lakini hapo alisema kweli, na walioujenga upya mji ule walijenga kuta zenye mifupa ya mbao ndani yake ili ziweze kuyumba bila kuanguka.

3. TORATI ILIKWISHA KUSEMA

Ndugu, wengi wetu hupita haraka juu ya Kumbukumbu la Torati 22:8. Hapo Mungu anamwamuru mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari yake. Kwa nini? Kwa sababu mtu akianguka kutoka juu, damu yake itakuwa juu ya nyumba ile. Mungu hakusema: aliyeanguka ameanguka, siku yake ilifika. Alisema damu itakuwa juu ya mwenye nyumba. Hii ni sheria ya ujenzi, nayo imeandikwa katika kitabu kilekile kinachosema usiue.

Kwa hiyo ninathubutu kusema kwamba amri ya kutoua inaingia mpaka katika karai la fundi. Fundi akiiba mfuko mmoja wa simenti katika kila kumi, ameiba mali, hilo tunalijua. Lakini siku ardhi itakapotikisika ataonekana ameiba na watu. Nabii Amosi alilia juu ya wafanya biashara wenye mizani ya uongo. Mizani ya uongo ya mji wetu leo ni beto ya mchanga mtupu.

Lakini dhambi haiko kwa fundi peke yake. Mlima wa Funu hapa Bukavu unateleza polepole hata bila tetemeko, na juu yake watu wamejenga, nyumba juu ya nyumba. Wengi walifika mjini wakikimbia vita, tangu mwaka 1996 hata sasa. Walikuta tambarare imekwisha, wakanunua pahali walipopata. Je, tumhukumu mama mjane aliyeweka vibati vyake ukingoni mwa korongo? Hapana. Aliyepewa zaidi ataulizwa zaidi. Yule aliyechora parseli mahali pasipofaa akijua, na yule aliyetia muhuri kwa kupokea bahasha, na sisi wazee wa kanisa tulioona na kunyamaza, tunabeba sehemu kubwa kuliko ya yule mama.

4. KUJITAYARISHA NI KUKOSA IMANI?

Wako ndugu waaminifu kabisa wanaosema: mimi nimejiweka mkononi mwa Mungu, siku yangu ikifika hata chuma hakitaniokoa. Sisemi kwamba wana imani ya uongo. Lakini ndugu hao hao hufunga mlango usiku na kupeleka watoto kwenye chanjo, wala hawaoni kwamba wamemkosea Mungu. Zaidi ya hayo, mtu anaweza kuutoa uhai wake mwenyewe mkononi mwa Mungu. Uhai wa mtoto wa jirani anayekaa chini ya ukuta wangu si wangu kuutoa.

Tumtazame Nuhu. Maandiko yanamhesabu kati ya watu wa imani, na imani yake ilikuwa na vipimo: urefu, upana na kimo (Mwanzo 6:15). Alionywa, akachukua mbao na lami. Kama angeimba tu, tusingekuwako.

Na juu ya manabii? Kanisa letu limezaliwa kwa unabii, hatuwezi kulidharau neno hilo. Lakini tuangalie unabii ni nini. Amosi alitumika miaka miwili kabla ya tetemeko kubwa la siku za mfalme Uzia (Amosi 1:1). Hatukuti katika kitabu chake kwamba aliwapa watu siku ya kulala nje. Tunakuta alisema juu ya maskini kuuzwa kwa bei ya viatu, juu ya mahakama zilizopinduliwa, juu ya nyumba za fahari zilizojengwa kwa jasho la wengine. Nabii wa kweli anaonyesha kilichooza ndani ya ukuta kabla ukuta haujaanguka. Mtu akisimama leo akitaja siku na saa ya tetemeko, watu wakauza vyombo vyao kwa bei ya hasara na kulala barabarani na watoto, mtu huyo ametia hofu tu. Elimu haiwezi kutaja siku, na Bwana hakutuahidi kalenda.

5. NYUMBA YA MUNGU YENYEWE

Hukumu huanza katika nyumba ya Mungu, kwa hiyo tuseme juu ya makanisa yetu.

Ukuta wa matofali una nguvu ya kubeba mzigo kutoka juu. Hauna nguvu ya kusukumwa ubavuni, na tetemeko husukuma ubavuni. Nyumba ya kukaa ina vyumba, na kuta za ndani hushikana mkono na kuta za nje. Kanisa ni chumba kimoja kirefu. Kuta zake ni ndefu na za juu, hazina wa kuzishika. Mbele na nyuma kuna pembetatu ya matofali inayopanda mpaka chini ya manjanja, nayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kuanguka. Tukitia humo watu 300 na mlango mmoja unaofunguka kwa ndani, tumetega mtego kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa nini tunajenga hivyo? Tuseme kweli: kwa sababu ya heshima. Parokia ya jirani imejenga kwa matofali, ya kwetu haiwezi kubaki ya mbao. Katika lugha yetu nyumba ya matofali tunaiita ya kudumu, na ya mbao tunaiona ya aibu. Lakini nyumba za mbao za Goma zinayumba na kubaki zimesimama pale ukuta mbaya wa matofali unapoanguka. Na nyumba za mviringo za babu zetu katika milima ya Bushi, zilizofumwa kwa fito na kuezekwa kwa majani, zilitikiswa na ardhi hii hii bila kumponda mtu. Moto uliziweza, na mvua pia, kwa hiyo sisemi turudi kwenye majani. Ninasema tusiite ya kudumu nyumba ambayo haijui kuyumba.

Matofali si adui. Yanataka kufungwa. Mshipi wa beto wenye vyuma, ambao mafundi wanauita shenaji, ukizunguka kuta zote bila kukatika, huzishika kama pete zinavyoshika pipa. Nguzo za beto katika pembe na katikati ya ukuta mrefu huzuia usijikunje. Ile pembetatu ya juu inaweza kujengwa kwa mbao nyepesi. Yote hayo yanaongeza gharama, ndiyo. Kama fedha haitoshi kwa kanisa refu lililofungwa vizuri, basi tujenge dogo lililofungwa vizuri na kusali mara mbili. Na kama haitoshi hata kwa hilo, tusali chini ya shitingi. Mungu wa hema ya jangwani hataona haya kukutana nasi hapo.

6. JIRANI YAKO SIKU ILE

Watu hufa kwa ukuta, na watu hufa pia kwa ulimi. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu saa sita ya mchana, wakati mama walikuwa wakipika, tetemeko na moto viliteketeza Tokyo na Yokohama katika Japani. Walikufa watu zaidi ya 100.000. Kisha uvumi ukatoka kwamba Wakorea waliokuwa wakikaa huko wametia sumu katika visima, na watu wakawaua Wakorea kwa maelfu. Ardhi haikuwaua hao. Leo Wajapani hufanya mazoezi kila mwaka tarehe hiyo hiyo ya 1 Septemba, watoto wa shule na wazee pamoja.

Sisi watu wa Kivu tunajua vizuri jinsi uvumi unavyotafuta mtu wa kubeba: mchawi, mgeni, mtu wa kabila lile. Mshiriki wa kanisa hili asitoe jina la mtu siku ya msiba. Tunajua pia mfano mwema. Tarehe 27 Mei 2021, watu wa Goma walipoambiwa watoke, mamia ya maelfu walienda Sake, Minova, Bukavu na ng'ambo ya Rubavu. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao njiani. Lakini familia nyingi, zenyewe zikiwa na chakula cha shida, zilifungua milango na kulaza wageni kumi katika chumba kimoja. Hilo halikuamriwa na Leta. Lilitoka katika desturi yetu ya kale kwamba mgeni wa msiba haulizwi atakaa siku ngapi.

7. TUFANYE NINI?

Kutubu maana yake ni kugeuka. Aliyejenga vibaya anatubu kwa kujenga vizuri. Ninaweka haya mbele ya wachungaji, mashemasi na kamati za parokia, wayapime.

Kwanza, kila parokia imwite fundi mwaminifu atazame kanisa: nyufa, pembetatu, mishipi, milango. Milango ifunguke kwa nje, iwe miwili kwa uchache, na njia kati ya mabenchi isijazwe viti.

Pili, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Februari, tukikumbuka ya mwaka 2008, tufanye zoezi baada ya ibada. Aliye karibu na mlango atoke bila kusukuma. Aliye mbali ajikinge chini ya benchi, akifunika kichwa chake. Wamama wa shule ya Jumapili wajue watoto watakusanyika wapi. Hakuna kurudi ndani ya nyumba iliyopasuka, kwa maana mtikisiko wa pili huja. Watu wa Yuda walilikumbuka tetemeko la Uzia kwa vizazi vingi (Zekaria 14:5). Watu wanaosahau huzikwa mara mbili.

Tatu, likelemba za mama na za vijana, ambazo zinanunua vyombo na nguo za sikukuu, zinunue kwa zamu vyuma vya mshipi kwa nyumba ya mjane mmoja, kisha mwingine. Salongo ya kanisa ifanye kazi ya mikono.

Nne, wazee waende kwa wakubwa wa avenyi, wa kartie na wa komini, kwa heshima na bila kuchoka, kuomba shule na hospitali zikaguliwe kwanza, na parseli zisitolewe tena katika mabonde yanayoteleza. Kumkumbusha mkubwa kazi yake si uasi. Na mshiriki wetu anayefanya kazi katika ofisi ya viwanja au ya ujenzi ajue kwamba muhuri wake nao ni matofali.

Ndugu, sijui kama tetemeko lijalo litatukuta mchana au usiku, kazini au katika ibada. Ninajua tu kwamba baada yake Mungu hatatuuliza kwa nini ardhi ilitikisika, maana hiyo ni yake. Atatuuliza juu ya ukuta.

Bwana aitie nguvu mikono yetu. Amina.

Ndugu yenu katika utumishi,
Shemasi